Je, Mshtakiwa wa Mauaji Apewe Dhamana?



Jumapili ya kwanza ya mwezi uliopita, baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinishika mkono pale mlangoni ninaposimama kuwaaga watu. Hakunisalimu. Aliniuliza kwa sauti, "Pasta, yule kijana amerudi. Na mwanangu mimi atarudi lini?" Wengi wenu mlikuwapo, na mlisikia kwamba sikujibu. Nilisema tu, "Mama, tutaongea," nikageuka kumsalimia mtu mwingine kama mwoga.

Tangu siku hiyo maneno yamekuwa mengi kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya mgao. Wengine wanasema jaji amekula rushwa. Wengine wanasema kanisa limemtetea muuaji. Na wa ukoo wa kijana walipiga vigelegele usiku ule aliporudi, wakapika, wakacheza, kana kwamba kesi imekwisha na mtoto wao ameshinda. Nimeona niandike katika gazeti letu hili, kwa sababu mimi ni mmoja wa wadhamini wawili waliotia sahihi. Sitataja majina. Kesi yenyewe haijaanza kusikilizwa, na si kazi yangu kuihukumu katika ukurasa huu.

Yanayojulikana ni machache. Mwaka jana, jioni, vijana waligombana karibu na bomba. Mmoja akaanguka, na kabla hajafikishwa kituo cha afya akakata roho. Polisi walikamata watatu, wakaachia wawili, wa tatu akashtakiwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Yeye anasema hakupiga. Wako wanaosema walimwona akipiga. Giza lilikuwa limeanza kuingia.

Sasa, watu wengi tunaamini kwamba jaji anapotoa dhamana anasema, "Huyu hana hatia." Sivyo. Siku ile mahakamani hakuna aliyeuliza kama kijana ameua. Hakuitwa shahidi hata mmoja wa tukio. Jaji aliuliza mambo mengine kabisa: Je, mtu huyu akitoka leo, atarudi siku ya kesi? Akiwa nje, atawatisha mashahidi? Atamdhuru mtu mwingine? Je, yeye mwenyewe atadhuriwa? Ni maswali ya siku zilizo mbele, si ya jioni ile. Na hapo ndipo ugumu ulipo, ndugu msomaji, kwa maana jambo lililopita lina alama na mashahidi, lakini kesho ya mtu nani ameiona?

Hapa Uganda hakimu wa chini humsomea mshtakiwa shtaka la mauaji tu, hawezi kumpa dhamana. Ombi huenda Mahakama Kuu. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 23, inampa kila mshtakiwa ruhusa ya kuomba, na inamwachia jaji kupima. Akikaa rumande siku 180 kabla kesi yake haijapelekwa rasmi Mahakama Kuu, ni lazima aachiwe kwa masharti. Ya kijana wetu ilipelekwa mapema, kwa hiyo hilo halikumhusu. Kwa makosa mazito kama haya sheria inataja mambo ya kipekee anayoweza kuyaonyesha: ugonjwa mkubwa uliothibitishwa na daktari wa gereza, au uzee, au utoto, au barua ya mkurugenzi wa mashtaka kwamba hana pingamizi. Asipokuwa nayo, jaji anaweza kumkatalia. Sheria inasema anaweza, haisemi ni lazima. Katika neno hilo moja ndimo kijana huyu alimopitia, maana ana miaka 19 na hana ugonjwa.

Ndugu zetu walioko Tanzania wanajua kwamba kule mlango umefungwa: mshtakiwa wa mauaji hapewi dhamana, hata awe nani. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya kule ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba, lakini mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kenya nayo ilikuwa hivyo zamani, lakini Katiba yao ya mwaka 2010 iligeuza mambo: kila aliyekamatwa, hata kwa mauaji, ana haki ya kuachiwa kwa masharti ya kufaa, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kumzuia. Kwa hiyo kijana yule yule, kwa ugomvi ule ule, angefungiwa mlango nchi moja na kufunguliwa nchi nyingine. Sisi tuliopita nchi mbili tatu hatushangai sana kwamba haki ina mipaka yenye vizuizi vya barabarani.

Lakini hasira ya watu wetu haikuanzia Uganda. Ilianzia nyumbani. Sisi tuliotoka Kivu tunajua mtu "anavyotoka". Ameua Jumatatu, Jumatano ukoo wake umechanga faranga, Ijumaa yuko sentani anakunywa bia, na mjane akipita anamtazama machoni. Hakukuwa na jaji wala masharti wala tarehe ya kurudi. Kwa hiyo tukisikia neno dhamana, mdomoni tunaonja hongo. Biblia inaijua tabia hiyo. Liwali Feliki alimweka Paulo kifungoni miaka miwili akitumaini kupewa fedha (Mdo. 24:26-27). Kumbe rushwa haimtoi mwenye hatia tu, inamzuia ndani asiye na hatia pia.

Na upande huo wa pili naujua kwa mwili wangu. Mwaka 1999 nilikuwa kijana wa shule. Watu wenye silaha walinikamata njiani wakidai nimepeleka habari kwa maadui zao. Walinitia kasho moja ndogo, tulikuwa watu 14, tukilala kwa zamu. Nilikaa siku 19. Hakuna aliyeniuliza swali tangu siku ya tatu. Nilitoka kwa sababu mjomba wangu aliuza ng'ombe. Wenzangu wasiokuwa na mjomba mwenye ng'ombe niliwaacha mle, na wawili kati yao sikusikia habari zao tena mpaka leo. Basi mtu akiniambia, "Wakae ndani tu, kama hawana hatia Mungu atawatoa," nakumbuka harufu ya mle ndani, na siwezi kusema Amina upesi.

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa habari za miji ya makimbilio, na nakiri kwamba wakati ule niliiona kama somo la mtihani tu. Nimeisoma upya majuma haya (Hes. 35, Kum. 19, Yos. 20). Mungu aliamuru miji 6, mitatu ng'ambo hii ya Yordani na mitatu ng'ambo ile, na njia ziendazo huko zitengenezwe. Mtu akimwua mwenziwe, akimbilie huko, ili mwenye kulipiza kisasi cha damu asimfikie kabla hajasimama mbele ya mkutano ahukumiwe.

Tazameni jambo lenyewe. Anayekimbilia mji ule bado hajulikani kama aliua kwa kusudi au kwa bahati mbaya. Wote wawili wanakimbia njia moja, wanafika lango moja. Wazee wanamsikiliza pale langoni, wanampa mahali pa kukaa. Hawasemi ni mwema. Hawasemi ni muuaji. Wanasema, kwa sasa ukae hapa, na siku yako inakuja. Maana yake Mungu aliweka nafasi kati ya tendo na hukumu, na katika nafasi hiyo mtu hana jina la muuaji wala la mwenye haki. Sisi binadamu nafasi hiyo hatuipendi. Tunataka kujua leo. Ndiyo maana wa ukoo huu walicheza ngoma na wa ukoo ule wakalaani, wote wakiwa wametangulia mbele ya jaji.

Ila nisiwadanganye kwa kuchukua mistari inayonifaa tu. Sura hiyo hiyo inakataza kupokea fidia kwa ajili ya nafsi ya muuaji (Hes. 35:31). Damu haiuzwi. Na aliyeua kwa hila, hata akishika madhabahu, ataondolewa pale (Kut. 21:14). Tena kuna mahali watu walimweka mtu kifungoni kwanza, mpaka wajue neno la Bwana juu yake (Law. 24:12). Kwa hiyo mtu hawezi kufungua Biblia na kusema kwamba Mungu anakataza rumande. Na kuna tofauti moja kubwa mno kati ya mji wa makimbilio na dhamana yetu: mji ule ulikuwa mbali na nyumba ya marehemu. Mama aliyefiwa hakukutana na mshtakiwa asubuhi akiwa na jerikani.

Mwaka 2021 Mheshimiwa Rais Museveni alisema hadharani kwamba kumpa dhamana mtu anayeshtakiwa kuua ni kuwachokoza waliofiwa. Sisi ni wageni hapa, na mambo ya siasa ya wenyeji si yetu. Lakini nakiri kwamba maneno hayo hayakutoka hewani. Mtu akifa jana na anayesemwa amemwua akaonekana kesho sokoni, watu hawaendi mahakamani tena. Wanachukua mapanga. Jaji mwenye busara hulifikiria hilo, na huwa hakosei akisema "bado".

Basi kwa nini nilitia sahihi?

Kuna kesi ya Nairobi ambayo wengi tuliifuata redioni. Mwezi wa 9 mwaka 2018 mwanamke aitwaye Monica Kimani aliuawa nyumbani kwake. Wakashtakiwa watu wawili, Joseph Irungu na mtangazaji wa televisheni Jacque Maribe, waliokuwa wachumba. Jaji alimpa Maribe dhamana mwezi uliofuata, Irungu akamkatalia, mpaka mwaka 2020 naye alipoachiwa kwa masharti. Watu walisema mengi, hasa juu ya mwanamke yule, kwamba kaachiwa kwa sababu ni maarufu. Kesi ikachukua zaidi ya miaka mitano. Mwezi wa 2 mwaka 2024 hukumu ikasomwa: Irungu ana hatia, Maribe hana. Mwezi uliofuata Irungu alihukumiwa kifo. Sasa fikirini. Kama mlango ungekuwa umefungwa kwa wote, mwanamke huyo angekaa gerezani miaka mitano na miezi kadhaa kwa kosa ambalo mahakama yenyewe imesema halikuthibitishwa juu yake, naye ana mtoto. Na yule mwingine, aliyepatikana na hatia, alikuwa nje kwa dhamana, lakini siku ya hukumu alikuja mwenyewe, akasimama, akasikia, akapelekwa ndani. Dhamana haikumnyima marehemu hukumu.

Najua mtakalosema: hiyo ni kesi moja. Kweli, ziko nyingine ambamo mtu alitoka akayeyuka kama chumvi, na ziko ambamo shahidi alinyamazishwa. Makosa yanaweza kutokea pande zote. Mara nyingi husemwa kwamba afadhali wenye hatia kumi watoke kuliko asiye na hatia mmoja kufungwa. Usemi huo unasemwa kwa urahisi na mtu ambaye hajamzika mwanawe. Shahidi akiuawa, harudi. Na miaka ya mtu asiye na hatia nayo hairudi. Mimi siwezi kuweka vitu hivyo viwili kwenye mizani nikakuambia kipi kizito daima. Ndiyo maana naona sheria ya hapa, inayomwachia jaji kumtazama mtu huyu mmoja na mambo yake, ni afadhali kuliko sheria inayofunga macho na kumfungia kila mtu. Mtoto wa miaka 19 aliyekuwa katika ugomvi wa giza na mtu aliyekodiwa kuua si mtu mmoja, ingawa karatasi ya mashtaka inawaita kwa neno moja.

Niwaeleze ilivyokuwa mahakamani, maana pale nilifundishwa jambo.

Mwendesha mashtaka alisimama akasema mshtakiwa ni mkimbizi. Hana ardhi yake, hana nyumba ya kudumu, mpaka wa Tanzania uko karibu, na kwao Kongo hakuna atakayemkamata. Mtu aliyekwisha kukimbia mara moja, alisema, anajua njia ya kukimbia mara ya pili. Nilihisi joto usoni. Karibu ninyanyuke. Lakini nilipokaa nikajiuliza: amesema uongo? Ndugu zangu, tusemezane ukweli wa nyumbani. Ni wangapi kati yetu wameandikishwa katika makambi mawili? Ni wangapi wamebadili jina walipovuka? Tunazo sababu, na Mungu anazijua. Lakini jaji hazijui. Yeye anaona watu wasioshikwa na mahali.

Mwanasheria wetu, dada mmoja kijana wa shirika la msaada wa sheria, alijibu vizuri. Alisema kijana ana kiwanja alichogawiwa na serikali, nyumba yake ina namba, jina lake na alama za vidole vyake ziko katika ofisi, na akivuka kurudi kwao anakwenda kwenye vita vile vile alivyovikimbia akiwa mtoto. Alionyesha pia kwamba mwongozo wa mahakama wa mwaka 2022 kuhusu dhamana unakubali karatasi za mkimbizi zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu kama uthibitisho wa mdhamini. Nilikuwa nimezikunja karatasi zangu ndani ya Biblia. Nikazitoa.

Mdhamini wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenyeji, mwenye duka, ambaye kijana alimbebea mizigo miaka miwili. Alikuja na kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mdhamini wa pili ni mimi. Jaji aliniuliza kwa mkalimani, "Akitoroka utafanya nini?" Nikasema, "Nitamtafuta." Akasema, "Usipompata?" Nikasema, "Nitalipa." Jaji akatazama karatasi, kisha akanitazama mimi, akauliza, "Utalipa na nini, mchungaji?"

Kila mdhamini alifungwa kwa shilingi milioni 5, si za kutoa mkononi bali za kudaiwa kijana asiporudi. Mimi sina milioni 5. Sina hata moja. Nilikaa kimya muda, kisha nikasema, "Mheshimiwa, nina nyumba ya udongo, mbuzi wanne, na watu wanaonijua." Sijui kama lilikuwa jibu. Aliandika kitu.

Mithali inaonya mara nyingi juu ya kumdhamini mtu, mpaka inasema usije ukanyang'anywa kitanda unacholalia (Mit. 22:26-27). Mke wangu aliponisikia nimetia sahihi alinikumbusha mstari huo, akaongeza, "Na kitanda chenyewe wanalala watoto." Nilimjibu kwa habari ya Yuda, aliyejitoa kwa baba yake kuwa mdhamini wa Benyamini (Mwa. 43:9), na Yasoni kule Thesalonike aliyetozwa dhamana kwa ajili ya Paulo na Sila (Mdo. 17:9). Akasema, "Yuda alikuwa anamdhamini ndugu yake, na Benyamini hakuwa ameshtakiwa kuua." Sikuwa na jibu, na tukalala bila kusemezana.

Lakini nilichokiona pale mahakamani ni hiki. Jaji hawezi kuona moyo. Asichokiona moyoni anakitafuta kwa watu: nani atasimama na mtu huyu? Nani ataaibika akitoroka? Kama hakuna, basi kwa macho ya mahakama mtu huyo ameelea, na kilichoelea hufungiwa. Karibu nusu ya watu walio katika magereza ya nchi hii ni mahabusu, watu ambao hawajahukumiwa. Nilipokwenda gerezani kumchukua kijana, kijana mwingine wa Kikongo, kutoka eneo jingine la makazi, aliniita kupitia wavu. "Pasta, na mimi je?" Nilimwuliza jina, nikamwuliza kanisa lake, nikamwuliza ana nani. Hana mtu. Labda yeye ndiye aliyeua kweli katika kesi yake, labda sivyo. Lakini hatoki, na si kwa sababu jaji amepima moyo wake. Ni kwa sababu hakuna aliyekuja na karatasi ndani ya Biblia. Hilo linanisumbua kuliko yote niliyoandika hapa, na siwezi kuwadhamini wote, wala sitaki kanisa liwe duka la sahihi. Nimeshawakatalia watu wawili tangu hapo, kwa sababu siwajui. Mtu asiyemjua mshtakiwa akimdhamini kwa huruma tu, anamdanganya jaji.

Masharti aliyopewa kijana ni haya. Haishi tena mtaani kwetu. Anakaa kwa baba yake mdogo, eneo la mbali, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Haruhusiwi kukanyaga mtaa wa marehemu wala kusema na shahidi yeyote. Anaripoti mahakamani kila mwezi. Ule usiku wa ngoma aliokuja kulala kwa mama yake ulikuwa kosa, nami nilikwenda asubuhi yake nikamwambia yeye na wazee wake kwamba likirudiwa mara moja, nitakuwa wa kwanza kwenda kumwambia jaji anifute. Walichukia. Wachukie. Bomba moja haliwezi kuwa na mama yule na kijana yule, na mahakama ililiona hilo kabla yetu.

Sasa nije kwa kosa langu mwenyewe, maana lipo.

Mimi nilitia sahihi kwanza, halafu nikafikiria kwenda kwa mama wa marehemu. Nilisema nitakwenda kesho, kesho ikawa juma. Alisikia habari kutoka kwa watoto wanaochota maji. Mimi niliyemzika mwanawe, niliyesema maneno pale kaburini, nilimwacha asikie bombani. Mahakama nayo haikumwuliza neno. Ombi la dhamana lilizungumzwa kati ya serikali na mshtakiwa, na yeye aliyebeba mimba miezi tisa hakuwa na kiti mle ndani. Sheria labda ina sababu zake. Mimi sina. Nasema kutia sahihi hakukuwa dhambi, na ningeitia tena, lakini ilinipasa kupita kwake kwanza, hata kama angenifukuza kwa mwiko.

Nilikwenda Alhamisi iliyopita na mama mchungaji. Alitukaribisha kwa adabu, akanipa jerikani nikalie, kwa sababu kiti kile kimoja alimpa mke wangu. Nilimwomba msamaha. Hakusema amesamehe. Nilijaribu kumweleza habari za miji ya makimbilio, akainua mkono, nikanyamaza. Tulikaa muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyo kijana anaambiwa tarehe za mahakama?" Nikasema ndiyo, kila mwezi. "Anazijua zote?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi hakuna anayeniambia. Kesi ni ya mwanangu, na tarehe anazijua yeye."

Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule la marehemu, kurasa za mwanzo zina hesabu kwa mwandiko wake. Akafungua penye nafasi, akanipa kalamu. Niliandika tarehe ya mwezi ujao, saa 3 asubuhi, na namba ya chumba. Akaniuliza nauli ni kiasi gani mpaka kule. Nikamwambia. Akasema atakwenda, na kwamba gari tutakalopanda na kijana yeye hatalipanda. Wazee wa kanisa wamekubali nauli yake itoke katika sadaka ya Jumapili ya pili.